Kabla ya Kumfukuza Bosco



Mbwa akichafua hewa sebuleni, watu hutazamana wao kwa wao kwanza. Baba anamtazama mtoto, mtoto anamtazama mgeni, naye mgeni anaikazia macho runinga kana kwamba taarifa ya habari haijawahi kuwa tamu kama leo. Kisha mmoja anakumbuka kwamba chini ya meza amelala Bosco. Lo! Kila mtu anapata afueni. Bosco anatimuliwa nje kwa kandambili, madirisha yanafunguliwa, na mambo yanaishia hapo. Hakuna anayeuliza Bosco alilishwa nini mchana, na nani aliyemlisha.

Mimi leo nataka kuuliza. Najua yuko msikilizaji atakayesema: unga ni ghali, karo haijalipwa, na huyu bwana anatukalisha hapa kutusimulia ushuzi wa mbwa. Anung'unike tu, ana haki. Lakini mbwa wa Nakuru si pambo. Kutoka Milimani hadi Kiamunyi, kutoka Lanet hadi Free Area, geti la chuma bila mbwa nyuma yake ni nusu geti, na kile kibao cha "Mbwa Kali" walimu wa Kiswahili wamekisahihisha hadi wakachoka. Tena tangu Nakuru ipewe hadhi ya jiji Desemba 2021, ghorofa zinazidi kupanda, na humo ndani wamo vijana wanaofuga vijibwa vyeupe vya manyoya vinavyolala kwenye kochi. Mbwa wa uani akijamba, anayeumia ni soja, yaani mlinzi wa geti, peke yake. Mbwa wa kochi akijamba, inaumia familia nzima.

Tuanze na hewa yenyewe. Huingia au huzaliwa tumboni kwa njia mbili. Ya kwanza ni ile mbwa anayoimeza pamoja na chakula. Ya pili ndiyo kubwa: bakteria wa utumbo mpana huchachusha chakula ambacho utumbo mwembamba ulishindwa kukimaliza, na uchachushaji huo hutoa gesi. Sehemu kubwa ya gesi hizo haina harufu yoyote. Ni naitrojeni, haidrojeni, kaboni dioksaidi, na pengine methani kidogo. Kinachowatoa watu sebuleni ni kiasi kidogo mno, chini ya asilimia moja, na kinara wake ni haidrojeni salfaidi, gesi yenye salfa. Watu wa Bonde letu la Ufa hawahitaji kuelezwa inanukaje. Ukipita Hell's Gate kuelekea Olkaria, ambako umeme wa mvuke ulianza kuzalishwa mwaka 1981, harufu ya yai viza hukulaki kabla hujaliona bomba la kwanza. Ni gesi hiyo hiyo. Kule inapanda kutoka kwenye miamba ya moto. Kwa Bosco inatoka kwa bakteria waliopewa salfa ya mayai, ya nyama na ya kabeji.

Sasa tuingie jikoni, kwa sababu shauri lote liko huko.

Chakula cha mbwa katika maboma mengi ya huku hupikwa nyuma ya nyumba, katika sufuria nyeusi isiyoruhusiwa kuvuka kizingiti cha jikoni. Humo huingia unga wa bei ya chini, omena kiganja kimoja, matumbo au mapafu kutoka buchani, halafu kila kilichobaki mezani. Wenye mbwa wengi hupitia hotelini jioni na ndoo kukusanya mabaki, au huelewana na mpishi wa shule ya bweni. Na mabaki ya shule ya bweni ya Kenya, msikilizaji, unayajua. Ni githeri, mahindi yaliyochemshwa na maharagwe.

Wapo wanaoamini kwamba kosa ni ugali, kwamba mbwa ni mla nyama na unga ndio unaomharibu tumbo. Hapana. Mwaka 2013 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa Erik Axelsson na wenzake kutoka Sweden. Walilinganisha chembe za urithi za mbwa wa nyumbani na za mbwa mwitu wa nchi za baridi, ambaye ndiye jamaa yake wa karibu. Mbwa mwitu alikuwa na nakala 2 tu za jeni inayotengeneza kimeng'enya cha kuvunja wanga kutoka kwenye kongosho. Mbwa wa nyumbani alikuwa na kati ya nakala 4 na 30. Miaka elfu nyingi ya kukaa karibu na mekoni kwa binadamu imempa tumbo la kula wanga. Ugali hauna hatia, mradi umeiva.

Na hapo kwenye kuiva ndipo tunapokosea. Mtu hawezi kumwekea mumewe ugali mbichi mezani, lakini wa mbwa anaukoroga mara mbili, unga ukiwa bado mabonge meupe katikati, anaepua, anamimina kwenye karai. Wanga usioiva hupita utumbo mwembamba bila kuvunjwa vizuri, hufika kwa wale bakteria wa utumbo mpana, nao hufanya sherehe. Uache uchemke. Dakika chache zaidi za kuni hazitakufilisi.

Maharagwe ni kesi nyingine. Ndani yake mna sukari ziitwazo rafinosi na stakiosi. Mbwa hana kimeng'enya cha kuzivunja. Wala wewe huna, ndiyo maana baada ya githeri la mchana ofisi nzima hukaa kwa tahadhari. Njahi zina sukari hizo, minji zinazo, na soya, ambayo huongezwa kwenye vyakula vingi vya bei nafuu vya mbwa kwa ajili ya protini, inazo pia. Ukilazimika kumpa mbwa maharagwe, yaloweke usiku kucha, umwage maji hayo, uyapike kwa maji mapya mpaka yapondeke. Gesi itapungua, haitakwisha. Lakini mbwa anayeshiba mabaki ya githeri kila siku ya Mungu, hakuna dawa ya agroveti itakayomnyamazisha.

Kabeji na sukuma wiki nazo zina salfa. Kiganja kilichopikwa hakina neno. Shida ni kwamba kabeji kutoka Kinangop zikifurika sokoni Wakulima na bei ikaanguka, mbwa hupikiwa sufuria nzima ya majani, eti mboga ni afya. Na pale kwenye mabaki yetu kuna kitunguu, kwa sababu sisi hatujui kupika bila kitunguu. Hicho hakikosi kwa gesi tu. Kitunguu, kikiwa kibichi au kimepikwa, huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa, na akilishwa mara kwa mara anaweza kupungukiwa damu. Kwa hiyo ule mchuzi mwekundu wenye mafuta uliobaki jana, ambao unaona ni dhambi kuumwaga, umwage.

Halafu kuna maziwa. Sisi ni watu wa maziwa; kutoka Molo hadi Bahati ng'ombe hukamuliwa kabla ya jogoo kuwika mara ya pili. Kwa hiyo tunayafanya dawa ya kila kitu. Soja anamwendea mwenye nyumba asubuhi: "Mama, huyu Simba usiku hakukaliki, tumbo lake linanguruma." Mama anajibu akiwa mlangoni, mkoba begani: "Mpe maziwa kidogo, atapoa." "Sawa, mama." Usiku wa pili soja anahamisha kiti chake hadi upande wa pili wa geti. Mbwa akishaachishwa kunyonya, uwezo wake wa kumeng'enya laktosi, yaani ile sukari ya maziwa, hupungua sana. Isiyovunjwa huenda kule kule kwa bakteria, na mara nyingi huleta na kuhara juu yake. Maziwa lala yana laktosi pungufu kidogo kwa sababu yamechachuka, na mbwa wengi huyavumilia yakiwa machache. Lakini maji safi ndiyo kinywaji cha mbwa, na karai la maji ndilo ninalolikuta tupu katika maboma mengi, hata ya wenye magari mawili.

Naomba nikae kidogo kwenye mahindi, maana hapa tunaacha kucheka.

Mvua za mwisho wa mwaka huwakuta wakulima wa Njoro, Rongai na Subukia mahindi yakiwa bado shambani au ndiyo kwanza yamevunwa. Wakati wa kuchambua, mazuri huingia guniani, na yaliyooza hutupwa pembeni. Ya nani hayo? Ya kuku na mbwa. Yanasagwa kwenye posho mili, yanapikwa, na kwa kuwa yamechemka mtu anaamini yamekuwa salama. Sumukuvu, ile iitwayo aflatoksini, haiuawi na moto wa jikoni. Mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika nayo haraka. Mwaka 1977 mbwa na kuku wengi walikufa kwa sumu hiyo Nairobi, Mombasa na Eldoret. Mwaka 2004 ilikuwa zamu ya watu: waliugua 317, wengi wao Ukambani, na 125 kati yao wakafariki kutokana na mahindi yenye sumukuvu. Mbwa aliyeipata hupoteza hamu ya kula, hutapika, huzubaa, ufizi na weupe wa macho hugeuka manjano, na choo kinaweza kuwa na damu. Mwenye mbwa husema, tumbo tu hilo, ni gesi. Ini limekwisha kuliwa. Mahindi yaliyoota ukungu hayafai kwa mbwa, kuku wala ng'ombe, kwani sumu hiyo hupita kwa ng'ombe ikaingia kwenye maziwa, na maziwa hayo anayanywa mtoto wako na chai.

Turudi buchani. Mapafu, maini na matumbo ni chakula kizuri kwa mbwa, na bei yake mtu wa kawaida anaiweza. Lakini yapikwe. Kwenye mapafu na maini ya kondoo, mbuzi na ng'ombe huweza kuwa na vivimbe vyenye maji. Ndani yake wamo watoto wa tegu mdogo ajulikanaye kama Echinococcus. Mbwa akila kivimbe kibichi, tegu hukomaa tumboni mwake, mdogo wa milimita chache, wala mbwa mwenyewe haonyeshi dalili. Mayai hutoka na kinyesi, hushika manyoya, hufika mkononi mwa mtoto anayemkumbatia, kisha kivimbe huota ndani ya ini au pafu la binadamu. Kaskazini mwetu, Turkana, ugonjwa huu uliwasumbua watu kiasi kwamba shirika la AMREF liliendesha kampeni maalumu dhidi yake katika miaka ya 1980. Minyoo ya aina nyingine, ya mviringo na safura, pia huvuruga usagaji wa chakula, na tumbo lililovurugika hutoa hewa. Mbwa mzima anayekula mabaki na kuzurura apewe dawa ya minyoo kila baada ya miezi mitatu, na mtoto wa mbwa aanzishiwe mapema, akiwa na wiki mbili, kwa vipimo vya daktari. Dawa ya minyoo ya ng'ombe kukadiriwa kwa jicho si dawa ya mbwa.

Kuhusu hewa inayomezwa nitasema machache. Ukiweka karai moja kwa mbwa watatu, hakuna anayekula, wanashindana. Kila mmoja anameza bila kutafuna, na nusu ya anachomeza ni upepo. Watenganishe, kila mbwa na chombo chake, na ikiwezekana wasionane. Mbwa mlafi mwekee jiwe kubwa safi katikati ya karai, kubwa kuliko mdomo wake, alazimike kula akilizunguka. Wale wenye pua zilizobonyea, kina Boxer, Pug na Bulldog, wameumbwa kumeza hewa hata wakila kwa adabu. Umempenda kwa sura yake. Vumilia na mlio wake.

Dawa je? Mwaka 2001 watafiti wa kituo cha Waltham, Uingereza, walichapisha kazi ambayo mimi naiheshimu sana. Waliwavisha mbwa vikoti vyenye kipimo cha kunasa haidrojeni salfaidi karibu na mkia, na wakamweka mtu wa kunusa na kutoa alama, kuanzia "hakuna harufu" hadi "haivumiliki". Kazi ni kazi. Waliwapa mbwa hao mkaa maalumu wa dawa, mmea uitwao yucca na madini ya zinki. Vitu hivyo vitatu vilipotumiwa pamoja, harufu ilipungua mno. Ila idadi ya mara mbwa alizotoa hewa haikubadilika. Yaani Bosco aliendelea vilevile, isipokuwa sasa wenye nyumba hawakujua. Ukikuta bidhaa ya namna hiyo kwenye duka la dawa za mifugo na pesa unazo, nunua, lakini elewa ulichonunua. Na tafadhali, mkaa wa jikoni si mkaa huo. Usisage makaa ya jiko ukamchanganyia mbwa. Hata huo wa kweli hunasa dawa nyingine tumboni, kwa hivyo usimpe mbwa aliye kwenye matibabu bila kumuuliza daktari. Vidonge vyako vya maumivu visimkaribie kabisa.

Ukiamua kubadilisha chakula, usifanye mapinduzi ya usiku mmoja. Mtu anasikiliza kipindi kama hiki, kesho anamwaga kila kitu na kununua mfuko wa chakula kikavu cha bei mbaya, mbwa anaharisha siku tatu, na lawama zinanirudia mimi. Changanya kipya kidogo na cha zamani kingi, uongeze taratibu kwa siku 7 hadi 10. Ukitaka kumjua mkosaji, ondoa kitu kimoja kimoja: wiki hii maziwa, wiki ijayo maharagwe. Chakula cha dukani si lazima. Ugali ulioiva, omena au mapafu yaliyopikwa, karoti, mboga kidogo, na mbwa wa kawaida anaishi bila kumtia mtu aibu. Kisha mtembeze. Mbwa anayefungiwa kibandani kuanzia alfajiri hadi saa moja usiku, utumbo wake nao hulala. Mtoe nusu saa, kwa kamba, na majirani wakikimbia wasalimie tu.

Kuna gesi ambayo chakula hakiitibu. Mbwa anayekula kama askari kuruti lakini mbavu zinahesabika, choo chake ni kingi, laini, chenye mafuta na kimepauka, huenda kongosho lake halitoi vimeng'enya. German Shepherd, kipenzi cha kampuni za ulinzi na maboma makubwa, ndiye hupatwa zaidi. Watu humwita mbwa wa namna hiyo mlafi, wakampunguzia chakula, naye anakondeana mbele ya macho yao. Daktari anaweza kupima damu akajua, na akipewa vimeng'enya kwenye chakula, mbwa huyo hunenepa.

La mwisho nalisema polepole, na kama umeshika simu, iweke chini kidogo. Tabia yetu ya kumpa mbwa wa ulinzi mlima mmoja wa ugali jioni, kisha kumfungulia akimbie uani, ni ya hatari kwa mbwa wakubwa wenye vifua virefu: German Shepherd, Rottweiler, Great Dane. Tumbo linaweza kujaa hewa na kujipinda. Hapo hewa haitoki juu wala chini. Utamwona anahangaika, halali wala hakai, anajikakamua kutapika na hakitoki kitu ila mate yenye povu, na tumbo limevimba gumu kama ngoma. Usimpe maziwa, magadi wala soda. Usimkande. Usingoje kupambazuke, kwa sababu mbwa huyo anaweza kufa ndani ya saa chache, na tiba yake ni upasuaji. Namba ya daktari wa mifugo iandike leo, umpe na soja, kwa kuwa saa nane za usiku yeye ndiye atakayekuwa macho. Ugawe mlima huo mara mbili, asubuhi na jioni, na baada ya kula mbwa apumzike kwanza.

Na huyo daktari, mwombe akuonyeshe usajili wake wa Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya, KVB. Kuuza dawa za mifugo dukani hakumfanyi mtu kuwa daktari, na sheria ya mwaka 2011 inamtaka kila anayetibu mnyama awe amesajiliwa na bodi hiyo.